Rivyu ya mgahawa kwa Kiingereza: jinsi ya kusema umependa sana au umekasirika kweli, na msomaji akakuelewa

Kuna watu Kiingereza chao kiko vizuri tu, wanakitumia kazini siku nzima, lakini wakikaa kuandika rivyu ya mgahawa wanatoa "The food was very good and the service was very good", basi, imeisha hiyo. Au upande wa pili, "very bad, very very bad, don't go". Na wakati huo moyoni mtu amejaa, ukimuuliza kwa Kiswahili atakuhadithia nusu saa nzima, ila kikishuka kwenye simu kwa Kiingereza kinanywea. Mimi hili naliona ni hasara kabisa kwasababu rivyu yenye nguvu inampa haki yake mpishi aliyejituma na inamwokoa mtu ambaye angeenda kuharibu jioni yake pale, sasa ikiwa imelegea wote wawili wanakosa.

Nguvu ya rivyu inatoka sehemu mbili tu, kitu ulichokiona au kukionja mwenyewe, na neno moja kali lililokaa mahali pake. Mengine yote nitakayoandika hapa yanarudi hapo hapo.

Tuanze na neno kali

Sisi tukitaka kuongeza uzito tunaongeza neno nyuma, sana, mno, kabisa, au tunarudia, baridi sana sana yaani. Kiingereza nacho kina "very" lakini ukiitegemea hiyo peke yake unasikika kama mtoto wa shule anayejaza kurasa. Njia yake kubwa ni kubadilisha kivumishi chenyewe. Kitu ni "good", kikizidi kinakuwa "excellent", "superb", "outstanding". "Bad" ikizidi ni "awful", "terrible", "dreadful", na ile ya juu kabisa ya kukasirika ni "appalling". "Tasty" inapanda kuwa "delicious", "dirty" inakuwa "filthy", "small" inakuwa "tiny", ambayo ni nzuri sana kwa kulalamikia sahani yenye chakula kidogo, "The portions were tiny". "Noisy" inapanda mpaka "deafening". "Expensive" ukitaka kuonyesha imepita kiasi na unaona umeonewa, sema "extortionate", ila hiyo ni neno zito, kama bei ilikuwa juu kidogo tu basi "overpriced" inatosha, na kwa rivyu nyingi "overpriced" ndo neno sahihi. Chakula kilichotakiwa kiwe cha moto kikaja baridi kabisa kinaitwa "stone cold".

Sasa haya maneno makali yana tabia yake, hayapendi "very". Yenyewe tayari yana "sana" ndani yake, kwahiyo "very delicious" au "very excellent" au "very awful" mwenye lugha atakuelewa lakini sikio litamkwaruza kidogo. Yanapenda "absolutely". "Absolutely delicious", "absolutely filthy", "absolutely dreadful". Na kinyume chake pia, "absolutely" haikai na maneno ya kawaida, husemi "absolutely good" wala "absolutely tasty". Ukiwa huna uhakika liko upande gani tumia "really", hiyo inakaa kote kote, "really good" sawa na "really superb" sawa. Kuna "utterly" pia ambayo mara nyingi inaelekea upande wa ubaya, "utterly tasteless", "utterly disappointing", halafu kuna "completely" na "totally" kwa vitu ambavyo ama viko hivyo ama haviko, "completely raw", "totally inedible".

Hapo kwa "inedible" niseme kitu. Maana yake hakiliki. Kama ulikula ukamaliza usiandike "inedible", msomaji anaangalia picha ya sahani tupu uliyoweka chini yake anajua huyu anatia chumvi, na kuanzia hapo hakuamini tena hata kwenye yale ya kweli.

Kuna maneno ya kuwa nayo makini kwasababu yanafanana sura lakini yanaenda njia tofauti. "Terrible" ni mbaya, "terrific" ni nzuri sana. "Awful" ni mbaya, "awesome" ni nzuri sana. Nimeshaona mtu ametoa nyota tano halafu ameandika "The chicken was awful", masikini mwenye mgahawa sijui alijisikiaje. Na "terribly" ikikaa mbele ya neno zuri inaongeza tu uzito, "terribly kind" ni sifa.

"Quite" nayo ni mtego. Mwingereza akisema "The food was quite good" mara nyingi anamaanisha ilikuwa ya wastani, inaridhisha, sio zaidi. Mmarekani akisema hivyo hivyo anamaanisha ilikuwa nzuri kweli. Halafu "quite" ikikaa mbele ya neno kali, mfano "quite superb", hata kwa Mwingereza inageuka kuwa kabisa. Ushauri wangu ni mfupi, kwenye rivyu iache kabisa, hujui nani anasoma.

Sema nini hasa kilikuwa kibaya au kizuri

Hapa ndo watu wengi wanapotea. "The chicken was very bad." Sawa, lakini ilikuwaje? Mbichi? Kavu? Imeungua? Chumvi imezidi? Msomaji hajui, na mpishi akisoma hajui arekebishe nini. Kiingereza cha chakula kina maneno mengi ya kazi hii na ukiwa na ishirini hivi ya kuanzia umemaliza.

Nyama au samaki akipikwa kupita kiasi ni "overcooked", akiwa hajaiva ni "undercooked", na ukitaka msomaji aone kwa macho sema "still pink near the bone". Nyama ngumu ni "tough", ya kutafuna mpaka taya zichoke ni "chewy", na vile vinavyovutika kama mpira, hasa kamba, ngisi na mayai yaliyopitiliza, ni "rubbery". Kitu kilichotakiwa kiwe kikavu na kukatika vizuri kinywani kikaja kimelowa na kulegea, chipsi kwa mfano au sehemu ya chini ya pizza, hicho ni "soggy", neno zuri sana hili, halina mbadala. Mafuta yamezidi, "greasy". Mchuzi au supu imekuwa maji maji, "watery". Uvuguvugu ambapo ulitegemea moto ni "lukewarm". Mkate uliolala ni "stale". Na kile chakula ambacho hakina kosa lolote isipokuwa hakina ladha ya kitu chochote kinaitwa "bland", na niamini, kwa mpishi hilo linauma kuliko "bad".

Upande wa sifa sema "tender" kwa nyama laini, "juicy" kwa ile yenye maji yake, "crispy" kwa ngozi au ganda linalolia ukiliuma, "moist" kwa keki, "flaky" kwa samaki anayeachana vipande vipande kwa uma au andazi la matabaka, "well seasoned" kwa chumvi na viungo vilivyokaa sawa. "Cooked to perfection" inatumika mno mpaka imechoka lakini bado inafanya kazi ukiitumia mara moja.

Neno "rich" linachanganya watu. Kwenye chakula maana yake kina siagi, krimu, mafuta, kizito kinajaza haraka. Inaweza kuwa sifa, "a rich, creamy sauce", na inaweza kuwa lawama, "a bit too rich for me".

Na kuna hili la "sweet" ambalo linawapata wasemaji wa Kiswahili karibu wote. Tunasema chakula kitamu tukimaanisha kimenoga, halafu tunaandika "The fish was very sweet", na msomaji anabaki anajiuliza nani kamwekea samaki sukari. "Sweet" ni sukari. Kilichonoga ni "tasty", "delicious", "full of flavour". Vilevile "hot" inaweza kuwa moto au pilipili, kwahiyo ukimaanisha pilipili sema "spicy" na ukimaanisha moto sema "piping hot", ambayo ni sifa, chakula kimetoka jikoni sasa hivi.

Tuchukue moja tuitengeneze

Hii ni rivyu ya aina unayoikuta kila mahali: "The soup was very bad and the waiter was very rude and we waited very long time. I will never come back!!!"

Mtu huyu ana hasira halali. Lakini hatujui alisubiri muda gani, supu ilikuwa na nini, na weita alifanya nini. Angalia hii:

"We waited fifty minutes for our starters, and when the soup finally arrived it was lukewarm. I asked, politely, if it could be heated up. The waiter sighed, took the bowl away without a word and never came back. We paid for our drinks and left. Dreadful service, and I won't be going back."

Soma taratibu uone kilichofanyika. Hakuna "very" hata moja. Dakika hamsini zimetajwa, sio "long time", na namba haibishaniwi. "Finally" imebeba uchovu wote wa kusubiri kwa neno moja. "Politely" imewekwa katikati ya koma mbili ili msomaji asimame pale, ajue wewe hukuanza ugomvi. "Sighed" na "without a word" zinamwonyesha weita bila kumwita jina lolote baya, msomaji mwenyewe ndo anasema moyoni huyu hana adabu, na hukumu ambayo msomaji ameitoa mwenyewe haitoki kichwani. Halafu baada ya ushahidi wote huo ndo linakuja neno kali moja, "dreadful", mwisho, likiwa limeshalipiwa. Ukilianza nalo juu kabisa kabla hujaonyesha chochote linakuwa kelele.

Kitu kingine kidogo hapo ni "going back" badala ya "come back". Ukiwa unawaambia wasomaji wengine, wewe unaenda kule, kwahiyo "go back". Ukiwa unawaambia wenye mgahawa wenyewe, kwenye ukurasa wao, "we'll be coming back" au "we won't be coming back" inakaa vizuri. Chagua unaongea na nani toka mwanzo na usibadilike katikati.

Kwa sifa ni hivyo hivyo. "Amazing food, amazing staff, amazing place" haina kitu ndani. Lakini "The fish was so fresh it hardly needed the lemon, and when our daughter dropped her ice cream they brought her another one before she'd even started crying", hapo mtu anafunga rivyu anatafuta namba ya simu aweke nafasi. Kilichofanya kazi sio vivumishi, ni ile aiskrimu.

Ujenzi wa sentensi unaobeba hisia

"So" na "such". "So" inakaa na kivumishi peke yake, "The music was so loud that we gave up talking". "Such" inakaa na kivumishi chenye jina (nomino) nyuma yake, "It was such a small table that there was no room for the bread". Watu wanaandika "so delicious food", hapana, ni "such delicious food", na kwasababu "food" haihesabiki hapo hakuna "a".

"Too" sio "sana". "Too" ni kupita kiasi mpaka ikawa tatizo. Ukiandika "The dessert was too good", sehemu nyingine watu wanaongea hivyo na wanaelewana, lakini msomaji wa mbali anasubiri kusikia tatizo lilikuwa nini. Tumia "too" kwa malalamiko tu, "too salty", "too dark to read the menu".

Ukitaka kupandisha kitu juu ya vyote, "the best grilled fish I've ever eaten", na angalia hiyo "I've ever", sio "I ever ate" wala "I had ever eaten" kama bado unaongea kutoka leo. Ukisema "one of the best" jina linalofuata liwe wingi, "one of the best meals I've had in years". Kuongeza nguvu weka "by far" au "easily" mbele, "by far the best", "easily the worst". Lakini moja kwa rivyu jamani. Ukiwa na bora kuliko zote tatu ndani ya mistari mitano hakuna iliyo bora tena.

Kuna mtindo wa kuanza na "what" ambao Waingereza wanaupenda sana na wanafunzi wa lugha wanauogopa bila sababu. "What really let the place down was the noise." "What I loved most was the bread." Unavuta msomaji, unamfanya asubiri, halafu unamwachia kitu. Ni rahisi na hausikiki wa kitabuni. Ule wa "Not only was the rice cold, but it was still hard in the middle" ni mkali zaidi, kumbuka kitenzi kinaruka mbele ya mtenda, "was the rice" sio "the rice was". "Never have I seen such rude service" nao upo ila unasikika kama hotuba, mimi nisingeutumia labda hali iwe mbaya kweli kweli.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuingiza "do" au "did" mahali ambapo haihitajiki. "I did enjoy the dessert." Hapo unasema, pamoja na yote hayo, keki ile niliipenda, tena namaanisha. Ni neno dogo na linakufanya uonekane mtu wa haki.

Maswali pia yanachoma. Pete Wells, aliyekuwa mhakiki wa migahawa wa The New York Times, mwaka 2012 aliandika uhakiki wa mgahawa mmoja mkubwa wa pale New York karibu wote kwa maswali matupu, swali juu ya swali kumuuliza mwenye mgahawa, na watu wakausambaza kila kona. Wewe na mimi hatuhitaji kuandika thelathini, moja linatosha, mfano "Why offer a children's menu if there isn't a single high chair in the building?" Swali zuri la hivi lina jambo la kweli ndani yake, sio kejeli tu.

Halafu "-ed" na "-ing", tafadhali. "I was disappointed" maana yake ulivunjika moyo. "I was disappointing" maana yake wewe ndo uliyewavunja wenzako moyo. Chakula ni "disappointing", wewe ni "disappointed". Menyu ni "confusing", wewe ni "confused".

Maneno yanayoonekana mabaya kumbe sifa, na kinyume chake

"I can't recommend this place highly enough." Ukisoma haraka unaona "can't recommend" unakimbia, kumbe hiyo ni sifa ya juu kabisa, nikipasifu vipi bado haitoshi. Lakini ukiikata katikati ukaacha "I can't recommend this place" umegeuza maana yote. "The staff couldn't have been nicer" pia ni sifa, yaani hakuna namna wangekuwa wema zaidi ya pale. Na "couldn't have been less helpful" ni kinyume chake, lawama nzito.

Upande wa lawama za kimya kimya kuna "left a lot to be desired", "underwhelming", "nothing special", "I've had better". Yanaonekana ya upole lakini yanakata, na kwa msomaji wa Uingereza hasa yanaweza kuuma kuliko makelele yote. "To be honest" ikitokea mwanzo wa sentensi msomaji anajiandaa kwa habari mbaya, kwahiyo usiiweke mbele ya sifa. "Fine" na "OK" ni maneno ya baridi, ukipenda kitu usiseme "fine". "Not bad at all" kwa Mwingereza ni sifa kabisa.

Kwa sifa jifunze "worth". Nyota za Michelin, zile ambazo kitabu cha mwongozo cha Michelin kinaipa migahawa bora, na ambazo zilianza kutolewa mwaka 1926 na ngazi zake tatu zikaja 1931, zinaelezwa kwa neno hilo hilo, nyota mbili maana yake panastahili kuchepuka njia, "worth a detour", na tatu panastahili safari maalum, "worth a special journey". Kwahiyo ukiandika kuhusu kamgahawa kadogo ambako hakuna mhakiki atakayefika, "It's well worth a detour", umekapa sifa yenye uzito. Sarufi yake, "worth" inafuatwa na jina au kitenzi chenye "-ing", "worth a visit", "worth visiting", sio "worth to visit". Na "worth every penny" ni kwa mahali pa ghali ambapo hukujutia.

Kipi kinakaa mwisho

Rivyu nyingi za kweli ni mchanganyiko, chakula safi huduma mbovu, au kinyume. Sasa angalia hizi mbili. "The food was excellent but the service was slow." "The service was slow but the food was excellent." Mambo ni yale yale, lakini ya kwanza inamwambia mtu asiende na ya pili inamwambia aende. Kinachokaa baada ya "but" ndo hukumu yako. Amua kwanza moyoni, ningerudi au nisingerudi, halafu panga. Hii peke yake ukiishika rivyu zako zitabadilika.

Badala ya "but" kila mara una "that said", unaanza nayo sentensi mpya, "That said, we'd go back just for the bread". Una "even so". Una "despite", ila hiyo inataka jina nyuma yake, "despite the long wait", sio "despite of" wala "despite we waited". Ukitaka sentensi kamili tumia "although".

Na nyota zako zifanane na maneno yako. Mtu akiona nyota mbili juu halafu chini "lovely evening, great food" anachanganyikiwa.

Kali, lakini ya kweli

Maoni ni maoni na tuhuma ni tuhuma, na Kiingereza kikali kinaweza kukuvusha mpaka bila wewe kujua. "The worst meal I've had this year" ni maoni yako, hakuna wa kukuambia umekosea. "They gave us food poisoning" ni tuhuma, na huenda huna uthibitisho. Andika unachokijua, "Two of us were ill that night, and we had both eaten the prawns", msomaji atapima mwenyewe. Hivyo hivyo "they are thieves" iache, weka "We were charged for two bottles of water we hadn't ordered", ambayo kwanza ina nguvu zaidi. Sheria ya kashfa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2013 inamlinda mtu aliyetoa maoni ya dhati ilimradi yaonekane ni maoni, yaonyeshe yamejengwa juu ya nini, na mtu mkweli angeweza kuwa nayo kutokana na mambo yaliyotokea kweli. Marekani kuna sheria ya 2016 inayokataza biashara kumfunga mteja kwa mkataba wa kawaida asiandike rivyu, lakini nayo haimkingi mtu anayesema uongo. Ukiangalia utaona sheria inadai kile kile ambacho uandishi mzuri unadai, onyesha ulichokiona kwanza.

Kuhusu wafanyakazi, piga kitendo usimpige mtu. "The waitress is stupid" inakuaibisha wewe. "She brought the wrong order twice and didn't apologise" inasema yote. Na kwasababu Kiswahili hakitenganishi yeye wa kike na yeye wa kiume, wengi wetu tunaanza na "he" tunamaliza na "she" kwa mtu mmoja. Njia rahisi ni "our server" halafu "they", inakubalika kabisa. Jina lake litaje kwenye sifa, kwenye lawama liache, siku mbaya kila mtu anazo na mkate wake uko pale.

Vitu vidogo vya kukagua kabla hujabonyeza: wafanyakazi ni "staff" sio "stuff", kitamutamu cha mwisho ni "dessert" yenye s mbili, kimya ni "quiet" sio "quite". Herufi kubwa zote zitoe, zinasomeka kama unapiga kelele. Alama za mshangao bakiza moja au usibakize.

Kama una hasira bado, andika sasa hivi ili usisahau yaliyotokea lakini itume kesho asubuhi, na ukiisoma tena futa kila neno kali ambalo halina jambo nyuma yake. Na ikitokea mgahawa ukakutafuta ukarekebisha, usiifute rivyu ya zamani, ongeza mstari chini yake wenye tarehe: "Update: the manager got in touch, apologised and refunded our drinks. We went back last week and the soup was piping hot." Halafu panda kwenye nyota uongeze zile wanazostahili.